Kaburi la Nyali

Jumatano ya Majivu ilinikuta katika ukumbi wa mihadhara nikiwafundisha wanafunzi wa mwaka wa pili historia ya maandishi ya Kiswahili. Baadhi yao walikuwa wametoka kanisani moja kwa moja, wangali na msalaba wa majivu kwenye vipaji vya nyuso zao. Somo la siku hiyo lilimhusu Johann Ludwig Krapf. Nilikuwa nimekwisha kuandika ubaoni tarehe zake na majina ya vitabu vyake, kama nifanyavyo kila mwaka, pale mwanafunzi mmoja wa kike alipoinua mkono na kuuliza jambo ambalo halimo katika maandalizi yangu. Alitaka kujua kama mke wa Krapf alijitoa sadaka, au alitolewa.

Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, kwani sikuwa na jibu la kumpa. Tangu siku hiyo swali lile limekuwa likinifuata, na maadamu tumo katika Kwaresima, majira ambayo mahubiri yote huwa ni ya kujinyima na kutumaini, nimeona heri nimsimulie tena msomaji maisha ya mtu huyu ambaye walimu wa Kiswahili humtaja kwa sentensi mbili kisha wakampita.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, jirani mmoja alimpiga kwa kosa ambalo hakulitenda, akampiga mno hata mtoto akalala kitandani kwa muda wa nusu mwaka. Katika miezi hiyo ya maumivu alisoma Biblia kwa kuwa hakuwa na jambo jingine la kufanya. Baadaye, akiwa shuleni, aliitazama ramani ya Afrika akastaajabia jinsi upande wa mashariki ulivyokuwa na majina machache. Palikuwa na nafasi nyeupe tupu ambapo mchoraji hakujua aandike nini. Kati ya kitanda kile na ramani ile ndipo ulipopatikana wito wake. Alijiunga na chuo cha wamishonari cha Basel nchini Uswisi mwaka 1827, akasitasita, akarudi kusomea teolojia Tübingen, na hatimaye mwaka 1837 akaelekea Ethiopia akitumwa na chama cha kimishonari cha Kanisa la Uingereza, yaani CMS.

Ethiopia haikumpokea kwa muda mrefu. Mwaka 1838 alifukuzwa Tigray. Akaenda Shoa kwa mfalme Sahle Selassie, akakaa huko kuanzia 1839 hadi 1842, na huko ndiko alikoanza kuwapenda Waoromo na lugha yao, akatafsiri sehemu za Injili kwa lugha hiyo. Aliamini kwamba Waoromo ndio ufunguo wa kuifikia Afrika ya ndani. Imani hiyo, ambayo leo hatuna haja ya kuikubali wala kuikataa, ndiyo iliyomleta pwani yetu: alipofungiwa njia ya kaskazini aliazimia kuwafikia Waoromo kwa njia ya kusini, kupitia Mombasa. Kwa hiyo mtu tunayemhesabu kuwa mmoja wa waasisi wa taaluma ya Kiswahili hakuja kwa ajili ya Kiswahili hata kidogo. Alikuja kutafuta mlango wa kwenda kwingine.

Sasa turejee kwa Rosina. Rosine Dietrich aliolewa na Krapf nchini Misri mwaka 1842. Mwaka uliofuata mume na mke walijaribu kurejea Shoa. Walizuiwa, na katika safari hiyo ya jangwani Rosina akajifungua mtoto wa kike kabla ya wakati wake. Mtoto hakukawia kufa. Wazazi walimpa jina la Eneba, neno la Kiamhari lenye maana ya chozi, wakamzika njiani wakaendelea na safari, maana msafara haukuweza kungoja.

Mwezi Januari 1844 walifika Unguja. Sayyid Said, aliyekuwa mtawala wa Omani na Zanzibar, aliwapokea kwa heshima na kumpa Krapf barua ya kuwaagiza magavana wake wa pwani wamsaidie. Miezi michache baadaye walihamia Mombasa. Tarehe 8 Juni 1844 Krapf aliketi na kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Muhyiddin, wakaanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili cha Mvita.

Naomba msomaji aniwie radhi nikikawia hapa, kwani mimi ni mtu wa isimu na haya ndiyo yangu. Mkristo wa Afrika Mashariki anayeadhimisha Kwaresima leo hufanya hivyo kwa maneno ambayo kabla yake yalikuwa vinywani mwa Waislamu. Sadaka, dhabihu, kafara, dhambi, toba, imani, sala: yote haya yalikuja na Kiarabu, yakakaa pwani karne nyingi, yakalainika katika ndimi za Waswahili, ndipo yakakabidhiwa wageni. Hata tumaini, neno tunalolitamka kila Pasaka kana kwamba limezaliwa kanisani, lina asili hiyo hiyo. Kwaresima yenyewe ni jina la Kilatini lenye kumaanisha arobaini. Lakini mtu akitaka kusema anachokifanya katika siku hizo arobaini, hana budi kwenda kukopa kwa Sheikh Ali. Katika miaka ya karibuni Kwaresima na Ramadhani zimekuwa zikikutana, na nimewasikia watu wakishangaa kama kwamba ni ajabu. Mimi sishangai. Funga hizo mbili, kwa upande wa msamiati, zilikutana zamani sana.

Wala tusidhani kadhi huyu alikuwa mtu asiyejua alifanyalo. Alikuwa mwanachuoni, hakimu wa dini yake, naye alimsaidia mgeni kuyaweka katika Kiswahili maandiko ambayo mgeni yule hakuficha kwamba alinuia kuyatumia kuhubiri dini nyingine. Sura tatu za kwanza za kitabu hicho zilichapishwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la wataalamu wa lugha za Mashariki, nazo ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa ya Kiswahili kupigwa chapa. Jina la Krapf linajulikana. La Sheikh Ali hulikuta katika tanbihi, nalo huandikwa kwa tahajia tatu au nne tofauti.

Mwezi mmoja tu baada ya kazi hiyo kuanza, homa iliingia nyumbani. Krapf aliugua kwanza. Rosina, aliyekuwa mja mzito, akaugua baadaye. Mapema mwezi Julai alijifungua mtoto wa kike, na tarehe 13 Julai 1844 akafariki dunia. Mume alikuwa hoi kitandani. Ilimbidi ajikongoje ili ahakikishe kwamba mkewe amekufa kweli. Mtoto naye alimfuata mama yake siku chache tu baadaye. Kabla ya kufa Rosina alikuwa ameomba asizikwe kisiwani, bali ng'ambo ya pili, upande wa bara, ili kila apitaye hapo aone kaburi na kukumbuka ni jambo gani lililowaleta. Wosia wake ulitimizwa. Kaburi lipo hadi leo huko Nyali, na pembeni mwake mji umekua ukalizunguka.

Baada ya mazishi Krapf aliwaandikia wakuu wa CMS mjini London. Barua hiyo imekuwa mashuhuri kuliko maandishi yake mengine yote, nami sitainukuu. Kiini chake ni kwamba aliwataka wakuu hao wachukulie kaburi hilo la upweke kuwa dalili kwamba mapambano yameanza katika upande huu wa dunia, na kwamba ushindi wa Kanisa hupita juu ya makaburi ya watu wake. Wahubiri huipenda sana barua hii, na katika Kwaresima huisikii kukosa mimbarini. Ni barua ya mtu jasiri. Mtu aliyezika mke na mtoto wiki moja, mwenyewe akiwa taabani kwa homa, halafu akaandika juu ya ushindi, huyo si mtu wa kawaida.

Hata hivyo kila niisomapo nasikia kitu kikinikwaruza. Kaburi lile lilikuwa la Rosina, na barua ikaligeuza kuwa bendera ya kazi ya Krapf. Ni kweli kwamba yeye mwenyewe aliomba kaburi liwe ukumbusho, na hapo ndipo swali la mwanafunzi wangu linapokuwa gumu, kwa kuwa linatukataza kumfanya Rosina mtu wa kuburutwa tu. Huenda alikuwa na wito sawa na wa mumewe, au hata kuuzidi. Lakini Eneba hakuomba lolote, wala mdogo wake wa Mombasa hakuomba. Katika orodha ya vitu ambavyo Krapf alivitoa kwa ajili ya Afrika, watoto hao wawili huhesabiwa kama mali yake.

Nikiri jambo moja langu binafsi. Nilipokwenda ng'ambo kusomea shahada ya uzamifu, nilimwacha mke wangu na watoto wawili wadogo kwa miaka minne. Fedha za kuja likizo hazikuwapo, na simu ilikuwa anasa. Niliporejea, jamaa na marafiki walinifanyia karamu, na mzee mmoja akasimama kunisifu kwa jinsi nilivyojitoa sadaka kwa ajili ya elimu. Watu wakapiga makofi. Mke wangu wakati huo alikuwa akiandaa chai. Aliweka birika mezani, akanitazama, kisha akaendelea kumimina. Walimu wengi wanaosoma safu hii wametumwa kufundisha mbali na jamaa zao, na nadhani wanaijua birika hiyo.

Tuendelee. Krapf angaliweza kurudi kwao, wala pasingekuwa na mtu wa kumlaumu. Alibaki. Aliendelea na tafsiri, akakusanya maneno, akajifunza lugha za majirani. Tarehe 10 Juni 1846 alifika mwenzake, Johannes Rebmann, na mwezi Agosti mwaka huo huo wakahamia Rabai kwa idhini ya wazee wa huko. Siku ya kuhamia wote wawili walikuwa wagonjwa wa homa. Kutoka Rabai zilianza safari zile ambazo vitabu vya historia vinazijua vizuri: Rebmann akauona Kilimanjaro na theluji yake tarehe 11 Mei 1848, na Krapf akauona Mlima Kenya kutoka Ukambani tarehe 3 Desemba 1849, akiwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara na kiongozi mashuhuri wa Kitui. Kule Ulaya mabingwa wa jiografia ambao hawakuwahi kutia mguu hapa waliwacheka wote wawili, wakidai theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta. Wakamba na Wachaga hawakuulizwa.

Mwaka 1851 Krapf alirudi Ukambani akitaka kuanzisha kituo. Karibu na Mto Tana msafara ulivamiwa, Kivoi akauawa, na Krapf akatorokea msituni peke yake. Alichukua maji kwa kuyajaza katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na ndani ya mtutu wa bunduki. Alitembea usiku na kujificha mchana, akila majani na chochote alichokiokota, hata akafika mahali pa usalama akiwa amekonda mithili ya kivuli. Kituo cha Ukambani kikafa hapo hapo.

Na hapa ndipo pa kuhesabu. Kuanzia 1844 hadi 1853, alipoondoka kwa sababu ya afya mbovu, Krapf alikuwa amefanya nini kwa kipimo cha mtu aliyetumwa kuhubiri? Waongofu wa Rabai walihesabika kwa vidole. Wa kwanza wao alikuwa Mringe, kijana mlemavu ambaye hakuwa na cheo wala mali. Waoromo hakuwafikia. Mnyororo wa vituo aliouota, wa kuikata Afrika kutoka Mombasa hadi pwani ya magharibi, haukuwa na hata pete ya pili. Isitoshe yeye na Rebmann hawakupatana juu ya njia: Krapf alitaka kusonga mbele daima, Rebmann alitaka kukaa mahali pamoja na kungoja. Rebmann alikaa kweli, miaka ishirini na tisa bila kurudi kwao, mkewe naye akafa huku.

Nisije nikaonekana namtengeneza mtakatifu. Krapf aliandika mambo makali na mara nyingine ya dharau juu ya Wanyika, kama walivyoitwa Wamijikenda wakati ule, na juu ya Uislamu wa watu wale wale waliomfundisha lugha. Aliteta dhidi ya kukiandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, akapendekeza za Kirumi, na sababu yake haikuwa ya kiisimu tu: alihofia kwamba hati hizo zingeupa Uislamu nguvu. Hati ambayo kwayo tenzi zetu zilihifadhiwa karne kadhaa ikaanza kuonekana kuwa kikwazo. Sisi tunaoandika leo kwa herufi hizi tumefaidi uamuzi huo, na tumepoteza pia; wanafunzi wangu wengi hawawezi kusoma mswada wa utenzi katika umbo lake la asili.

Lakini ikumbukwe kwamba ni Krapf huyo huyo aliyekusanya miswada ya tenzi za pwani na kuipeleka Ujerumani, ukiwemo ule wa Herekali, na hivyo kuinusuru. Tena ikumbukwe kwamba aliwaonya wamishonari wenzake wasitegemee mbawa za serikali za Ulaya kuilinda kazi yao. Alikufa miaka mitatu kabla ya mkutano wa Berlin. Waliokuja baada yake hawakulizingatia onyo lile, nasi tunajua lililofuata.

Maisha yake yaliyosalia aliyaishi zaidi katika mji wa Kornthal, Ujerumani. Alirudi pwani mwaka 1862 kuwasaidia wamishonari wa Methodisti kuanza kazi Ribe, na mwaka 1867 alichukuliwa kuwa mkalimani wa jeshi la Uingereza lililokwenda Ethiopia, akaugua akarudishwa. Yaliyobaki yalikuwa karatasi. Mwaka 1850 alikuwa amekwisha kuchapisha sarufi ya Kiswahili na msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, zikiwemo Kikamba na Kipokomo. Sasa, mbali na bahari, alikuwa akiipanga kamusi yake kubwa ya Kiswahili kutokana na madaftari yale ya Mombasa na Rabai. Rebmann, akiwa kipofu, alirejea Ulaya mwaka 1875 akaja kuishi Kornthal karibu naye. Wazee wawili waliogombana juu ya kusonga na kungoja wakawa majirani. Rebmann alikufa mwaka 1876, na Krapf akakichapisha kitabu cha mwenzake cha maneno ya Kinyasa mwaka uliofuata. Hilo, kwa maoni yangu, ni tendo zuri kuliko kuuona mlima.

Mwaka huo wa 1875, karibu na mahali Rosina alipolala, palianzishwa kijiji cha Frere Town kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na kengele yake ndiyo iliyolipa eneo la Kengeleni jina lake. Krapf alizipata habari hizo akiwa hai.

Tarehe 26 Novemba 1881 alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake, amekufa. Kamusi ilitoka London mwaka 1882, hakuiona. Ilikuwa kamusi ya Kimvita. Na mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua lahaja ya kusanifisha, ulichagua Kiunguja. Kwa hiyo hata hapo alishindwa. Hata hivyo mimi huifungua kamusi hiyo kila mwaka. Kila nitafutapo neno la kale la Mvita ambalo limetoweka midomoni mwa watu, hulikuta humo likiwa na mfano wake wa matumizi, na mfano wenyewe nikiusoma kwa sauti husikia mtu wa Mombasa wa miaka ya 1840 akizungumza nyumbani kwake. Si sauti ya Krapf. Yeye alishika kalamu tu.

Wiki iliyofuata niliporejea darasani nilianza upya. Niliandika ubaoni mwaka 1844, chini yake Ali bin Muhyiddin, kisha Rosina na watoto wake wawili, kisha Krapf. Yule mwanafunzi aliyeuliza swali aliyanakili majina bila kusema neno, nami sikumwambia kama nimepata jibu. Kuhusu Rosina ninaelekea kuamini kwamba alijitoa. Kuhusu Eneba na mdogo wake sina neno la kuliita tendo lile, wala sitaki kuliita sadaka.

Makala haya nilimpa mke wangu ayasome kabla ya kuyapeleka gazetini. Aliyasoma jikoni, akiwa amesimama, akanirudishia akiwa amesahihisha kwa kalamu mahali pamoja tu. Haikuwa miaka minne, ameandika. Ilikuwa mitano, kasoro miezi miwili.